Chokoleti ya Mweso Huanzia Kwenye Gunia

Mtu wa Mweso anayetaka kutengeneza chokoleti jikoni kwake ana jambo moja linalomsaidia na jingine linalomkwamisha. Linalomsaidia ni baridi. Mafuta ya kakao huyeyuka yakikaribia nyuzi 34 za Selsiasi, na ndiyo maana kipande cha chokoleti kinayeyuka ulimini lakini hakiyeyuki mezani. Ukishuka Walikale, saa nane ya mchana kipande hicho kinalegea mfukoni. Huku juu, kwenye njia ya Sake, Kitchanga, Mweso na Kalembe, kinalala kabatini bila friji na asubuhi unakikuta kigumu vilevile. Linalomkwamisha ni kwamba mti wenyewe haupendi milima. Kakao ni mti wa msitu, wa joto, mvua na kivuli. Masisi yetu hii ni nchi ya ng'ombe, viazi na maharage. Panda mche wa kakao nyuma ya nyumba ukipenda. Utapata majani mazuri, ila usiyategemee matunda.

Basi mbegu zitatoka kwingine, na hapo ndipo wengi wanapoharibu kazi kabla hawajawasha moto. Wanauliza kwanza sufuria gani, sukari kiasi gani, moto wa muda gani. Hayo yana majibu, na nitayatoa. Lakini ladha ya chokoleti huwa imekwisha kuamuliwa kabla gunia halijavuka mlango wa jikoni. Ukinunua mbegu mbaya, hakuna ufundi wa moto utakaozitengeneza. Ukinunua nzuri, hata mpishi wa kawaida atatoa kitu cha kumpa mgeni.

Kwa Kivu Kaskazini, kakao inayojulikana ni ya Beni. Ugonjwa wa mnyauko ulipoangamiza mibuni ya robusta huko, wakulima wengi waligeukia kakao, na leo ndiyo inayolipa ada za shule na mabati ya nyumba. Mutwanga, chini ya Rwenzori, kuna hata kiwanda cha chokoleti kilichotokana na kazi za Mbuga ya Virunga na umeme wake wa maji. Dominique Persoone, mtengeneza chokoleti Mbelgiji wa Bruges, alikisaidia. Kampuni ya Original Beans nayo huuza Ulaya chokoleti ya asilimia 70 iitwayo Cru Virunga. Nayataja haya kwa ajili ya yule anayedhani chokoleti ni kazi ya Wazungu na mashine zao tu. Inatengenezwa katika jimbo letu hili hili.

Kuhusu bei, jihadhari. Desemba 2024 tani moja ya kakao ilipita dola 12,000 kwenye soko la New York, kisha bei ikaporomoka. Wachuuzi wengine bado wanaota bei za wakati ule. Uliza bei ya wiki hii, na uwaulize watu wawili. Lakini usimkamue mkulima wa Beni kupita kiasi: watu wameuawa mashambani mwao wakivuna zao hili.

Sasa tuangalie mbegu zenyewe. Tunda la kakao lina mbegu 20 hadi 50, zimefungwa ndani ya ute mweupe mtamu ambao watoto hupenda kuunyonya. Mbegu mbichi, ukiitafuna, haina harufu yoyote ya chokoleti. Ni chungu, inakaza ulimi, na ndani ina rangi ya zambarau. Kinachoigeuza ni kuvundikwa. Mkulima anazirundika mbegu pamoja na ute wake ndani ya sanduku la mbao au chini ya majani ya migomba, kwa siku 5 hadi 7. Kwanza hamira za asili zinakula sukari ya ute na kuifanya pombe. Rundo likigeuzwa na kupata hewa, bakteria wengine wanaigeuza pombe kuwa siki, na joto linapanda hadi nyuzi 45, hata 50. Joto hilo na ile siki vinaiua mbegu, haiwezi tena kuota, na ndani yake yanaanza mabadiliko ambayo baadaye, kwenye moto, yatakuwa harufu unayoijua. Mkulima aliyeharakishwa na mnunuzi, au aliyeogopa wezi, anaruka hatua hii na kuzianika mbegu siku hiyo hiyo aliyozitoa kwenye tunda. Kwa macho, gunia lake linafanana kabisa na la jirani aliyevundika.

Kwa hiyo nenda sokoni na kisu. Chukua mbegu 30 bila kuchagua, ukichota juu, katikati na chini ya gunia, uzikate kwa urefu. Mbegu iliyovundikwa vizuri ina rangi ya kahawia ndani, ina mifereji na nyufa, na ganda lake linaachia kwa urahisi. Ya zambarau ilivundikwa nusu. Ya kijivu iliyoshikana haikuvundikwa kabisa. Ukiona nyuzi nyeupe za ukungu ndani, au vumbi na vijitundu vya wadudu, mrudishie mchuuzi gunia lake kwa heshima uende zako. Kipimo changu ni hiki: mbegu 20 kati ya 30 ziwe za kahawia, na zilizobaki ziwe na zambarau kidogo tu. Muuzaji akikataa usikate mbegu zake, umeshapata jibu.

Baada ya macho, pua. Harufu ya siki kidogo si kosa, moto utaipunguza. Harufu ya moshi, ya samaki wakavu au ya petroli ni kosa lisilotoka. Zaidi ya nusu ya kiini cha kakao ni mafuta, na mafuta hunasa harufu yoyote iliyo karibu. Gunia lililofungwa juu ya pikipiki pamoja na bidoni la petroli litaleta petroli mpaka kikombeni mwako. Mwambie motari mapema, na umlipe kidogo zaidi ili abebe mzigo wako peke yake. Kilo mbili zinatosha kuanza.

Wapo watakaopata matunda mabichi kutoka upande wa Walikale na kutaka kuvundika wenyewe. Ninawaelewa, lakini siwashauri. Matunda 20 hadi 30 yanatoa kilo moja tu ya mbegu kavu, na rundo dogo halishiki joto. Chini ya kilo 30 za mbegu mbichi, na kwa usiku wa Masisi, litapoa na kuoza badala ya kuvundikika. Ukishikilia, weka kikapu kilichotandikwa majani ya mgomba karibu na ukuta wa jiko, kifunike kwa gunia na blanketi, ugeuze mbegu siku ya pili na ya nne. Kisha utahitaji wiki nzima ya jua la kuzianikia juu ya meza, na mvua zetu unazijua. Kule Tanzania, kwenye bonde la Kilombero, watu wa kampuni ya Kokoa Kamili walianza mwaka 2013 kununua mbegu zikiwa bado na ute wake kutoka kwa wakulima wadogo, wakazivundika na kuzikausha wao mahali pamoja. Waliona kwamba hatua hii haifai kutawanywa kwenye vibanda mia. Kama kuna chama cha akina mama au cha wakulima kinachosoma haya, hapo ndipo penye mradi, kuliko kila mmoja kuwa na kikapu chake.

Nyumbani, kazi inaanza kwa kuchambua. Tupa mbegu bapa, zilizoshikana mapacha, vijiti na mawe. Tenga kubwa na ndogo, kwa kuwa haziivi pamoja. Usizioshe.

Kukaanga ni kazi ambayo mama yeyote anayeuza karanga anaijua tayari, na tofauti ni ndogo: kakao inataka moto wa pole zaidi na muda mrefu zaidi. Tumia sufuria nzito juu ya babula yenye makala yaliyokwisha kushika, si yanayotoa moshi. Weka mbegu zisizidi tabaka mbili, ukoroge bila kuacha kwa dakika 20 hadi 30. Mwanzoni utasikia siki ikipanda puani. Kisha maganda yataanza kulia moja moja. Siki inapokwisha na harufu ya mkate uliookwa ikaingia, toa mbegu moja, ipoze, imenye, itafune. Ikiwa bado ina ubichi wa maharage, endelea. Ikiwa ina uchungu wa kuungua, umechelewa. Wengi huunguza kwa kuamini kwamba weusi ndio chokoleti. Weusi huo ni majivu. Zikiwa tayari zimwage mara moja juu ya lungo pana uzipepee, maana ndani ya sufuria zinaendelea kuiva hata moto ukiwa umezimwa.

Moto huu una kazi nyingine isiyosemwa sana. Mbegu zimeanikwa nje, kuku wamezikanyaga, mikono mingi imezishika. Kukaanga ndiko kunakoua vijidudu vya tumbo, na baada ya hapo hakuna hatua nyingine ya kuviua. Kwa hiyo lungo na bakuli ulivyotumia kwa mbegu mbichi visiguse zilizokaangwa mpaka vioshwe kwa sabuni na kukaushwa.

Zikishapoa, zitie kwenye kinu kidogo kidogo, uzigonge kwa mchi kiasi cha kuvunjika tu. Hutaki unga. Kisha upepete nje penye upepo mwepesi: maganda yanaruka, viini vinabaki. Rudia, halafu umalizie kwa vidole, kwa sababu ganda likibaki linakwaruza ulimi na kuleta ladha ya vumbi. Kilo moja ya mbegu kavu itakupa karibu gramu 750 za viini.

Tunafika kwenye kusaga, na hapa sitakudanganya. Chokoleti ya dukani ni laini kwa sababu mashine imeivunja hadi chembe zake ziko chini ya milimita 0.03, ulimi hauzihisi. Rodolphe Lindt, kule Bern mwaka 1879, aliifanya laini zaidi kwa kuisugua mashineni kwa saa nyingi mfululizo. Mikono yako haitafika huko, wala haina haja. Kuna mji Sicilia, Modica, ambako chokoleti husagwa bila kupandishwa joto sana, sukari inabaki punje punje na kutafunika kwa sauti. Watu wanaisafiria, na Umoja wa Ulaya ulisajili jina lake mwaka 2018. Chokoleti yenye chenga si chokoleti iliyoshindikana. Lenga hiyo, yaani kibonge kigumu cha kukwaruza kwenye kikombe au kutafuna polepole, na utakuwa na furaha. Ukilenga kipande kinachong'aa kama cha uwanja wa ndege, utakata tamaa kufikia Jumapili.

Chombo bora kwa bei ya kawaida ni mashine ya mkono ya kusagia karanga. Ifungue, ioshe, ikaushe kabisa. Hilo neno kabisa ulichukue kwa uzito: tone la maji likiingia kwenye kakao iliyosagwa, rojo yote inakakamaa na kuwa udongo. Pasha viini taratibu kwenye sufuria hadi viwe vya moto mkononi, upashe na mashine yenyewe karibu na babula, la sivyo baridi yetu itayagandisha mafuta ndani yake na mkono utakataa kuzunguka. Mzunguko wa kwanza unatoa chenga zenye mafuta. Wa pili, rojo nzito. Wa tatu na wa nne, inaanza kumiminika. Asiye na mashine atumie kinu kikavu kilichopashwa moto, au jiwe la kusagia lililowekwa karibu na moto, ajiandae kwa saa moja na nusu ya kazi na majirani wa kupokezana.

Usipeleke viini kwenye mashine ya unga sokoni. Kakao si mahindi. Itaziba mawe yake, mwenye mashine atakukasirikia, na utarudi na rojo yenye muhogo na mtama wa watu wote wa wiki hiyo.

Sukari isage peke yake kwanza, kwenye kinu kikavu, mpaka iwe vumbi, kisha uichanganye na rojo na kupitisha mashineni mara mbili zaidi. Kwa gramu 750 za viini, gramu 320 za sukari zitakupa chokoleti ya asilimia 70, kali, ya watu wazima. Kwa ya kunywa na watoto, panda hadi gramu 500. Vanila ya Beni ni nzuri, punje za ndani ya ganda moja zinatosha. Ile ya chupa ina maji au pombe, iache. Chumvi ncha ya kisu. Tangawizi kavu iliyosagwa, kwa anayeipenda, inakwenda vizuri sana na baridi ya huku.

Kisha maziwa. Kwa mtu wa Masisi, hamu ya kwanza itakuwa kumimina maziwa ya asubuhi kwenye rojo ile ili apate chokoleti ya maziwa. Usifanye hivyo. Maziwa mabichi ni maji kwa karibu asilimia 87, na nimekwisha kusema maji yanafanya nini. Daniel Peter wa Vevey, Uswisi, alihangaika miaka na tatizo hili hili mpaka mwaka 1875, alipofanikiwa kwa kutumia maziwa yaliyopunguzwa maji. Ukitaka chokoleti ya maziwa tumia maziwa ya unga, gramu 150 kwa kipimo nilichotaja, uyasage pamoja na sukari. Maziwa yetu yana nafasi yake kwenye kikombe. Chemsha glasi ya maziwa mpaka yafure kabisa, kwa sababu ya homa zinazotoka kwa ng'ombe, punguza moto, kwaruza humo gramu 30 za kibonge chako, ukoroge kwa nguvu dakika tatu. Povu litapanda na mafuta yataonekana juu. Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu ya kufanya kazi yote hii Mweso: maziwa haya ya malisho ya mlimani, ambayo tumezoea kuyasikia yakisifiwa kwa jibini tu, ukiyapa kakao halisi yanashinda kopo lolote la unga wa kakao kutoka nje. Unga wa kopo ni kakao iliyokamuliwa sehemu kubwa ya mafuta yake, kwa namna iliyoanza kwa Van Houten wa Uholanzi mwaka 1828. Wewe umeyabakiza yote.

Rojo ikishakuwa tayari, imimine kwenye vikombe vidogo vya bati au kwenye trei iliyotandikwa karatasi safi, igongegonge mezani ili hewa itoke, iache usiku kucha. Kwa vibonge vya kunywa, kazi imekwisha.

Anayetaka kipande cha kutafuna chenye kuvunjika kwa mlio aongeze hatua moja. Mafuta ya kakao yanaweza kuganda kwa namna kadhaa, na moja tu ndiyo inayotoa ugumu na mng'ao. Ili kuipata, yeyusha rojo hadi nyuzi 45 au 50 juu ya sufuria ya maji ya moto, ukilinda mvuke usiingie. Ipoze ukikoroga hadi 27 au 28, inapoanza kuwa nzito. Halafu ipashe kidogo mpaka 31 au 32, kisha umimine. Kipimajoto kinasaidia, lakini usipokuwa nacho tumia mdomo wako wa chini: tone la chokoleti iliyofika linahisiwa kuwa na ubaridi kidogo, kwa sababu liko chini ya joto la mwili. Fanya kazi hii jioni. Jua likishatua kijiji chote kinakupoozea bure, jambo ambalo fundi wa Kinshasa analilipia kwa umeme. Ukikosea, uso wa kipande utatoka madoa meupe baada ya siku chache. Si ukungu, ni mafuta yaliyopanda juu. Chokoleti inalika, au unaiyeyusha upya.

Kuhifadhi, tumia kopo la bati lenye kifuniko, kila kipande ndani ya karatasi, mbali na vitunguu, sabuni na moshi. Adui wa huku ni unyevu zaidi kuliko joto. Kipande kilichowekwa wazi msimu wa mvua kinavuta maji, sukari inatoka juu kwa chenga nyeupe, na ukikipapasa unahisi mchanga.

Je, unaweza kuuza? Ndiyo, ila piga hesabu ya mbegu, sukari, makala, karatasi na saa zako kabla hujataja bei, kwa sababu chokoleti yako haitakuwa rahisi kuliko biskuti ya dukani. Uza vibonge vya kunywa, viwili viwili, karibu na mahali watu wanapokunywa chai au maziwa ya moto. Andika tarehe juu ya karatasi. Kwenye harusi au ubatizo watu hulipa bila kubishana sana, na kibonge ni zawadi inayosafiri hadi Goma bila kuvunjika, mradi kisikae juani juu ya gari.

Maganda usiyatupe njiani. Yamwage chini ya migomba, yaoze taratibu, lakini yafunike kwa udongo ikiwa unafuga mbwa. Theobromini, kitu kile kile kinachokuchangamsha wewe baada ya kikombe, ni sumu kwa mbwa, na ndani ya maganda imebaki ya kutosha kumdhuru.